Haitham na Lindgard Katika Mizani

Jumapili, 1 Februari

Nimewaandikia wateja maombi mawili kabla ya adhuhuri. La kwanza la mjane wa hapa Matrah anayetaka mita ya umeme iondolewe jina la marehemu mumewe na kuandikwa lake. La pili la muuza ubani aliyenyimwa kibali cha kupanua duka. Yote kwa Kiarabu fasaha, bila kosa. Mjane alinishukuru na kuniombea dua. Muuza ubani aliuliza kama mwanawe asingeweza kuandika vivyo hivyo kwa simu. Nikamhesabia chenji yake.

Alasiri hakuja mtu. Nikafungua orodha mpya ya Wamarekani. Walinzi wa pembeni wanaotarajiwa kuingia ligi ya kulipwa mwaka huu: Lindgard wa tatu, Haitham wa sita. Wiki iliyopita Haitham alikuwa wa tano. Mchambuzi hakutoa sababu. Katika kazi yangu, uamuzi usio na sababu hukatiwa rufaa.

Haitham ni mtoto wa dada yangu Rayya. Nimemlea mimi, hapa Maskati, tangu baba yake alipofariki mpaka mama yake alipomchukua Marekani akiwa na miaka kumi na mitano. Huko aliikuta futiboli yao, ile ya kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai. Sasa ni kijana wa chuo kikuu, na mwezi wa Aprili timu kubwa zitachagua wachezaji wapya, kila timu kwa zamu yake, raundi baada ya raundi. Anayetajwa raundi ya kwanza maisha yake yamekwisha kupangika. Anayetajwa mwishoni huenda akarudishwa kwao kabla msimu haujaanza.

Nataka atajwe raundi ya kwanza. Naliandika wazi hapa kwa kuwa mbele za watu mimi husema: lolote lenye kheri.

Jumatano, 4 Februari

Nimetazama tena mechi zao. Za Lindgard kwanza, ili nafsi yangu isinituhumu kwa upendeleo.

Kazi ya mlinzi wa pembeni, kwa maelezo ya mtu aliyejisomesha mwenyewe. Husimama mwisho wa safu. Mpira ukianza tu, amzunguke au ampenye jitu lililowekwa mbele yake, akamwangushe mrushaji mpira wa timu pinzani kabla hajarusha. Na mkimbiaji mwenye mpira akija upande wake, auzibe upande huo.

Lindgard. Mtoto wa wakulima wa ngano. Mikono mirefu kupita kiasi. Akisukumwa hasogei. Ana ufundi wa viganja: hupiga kifundo cha mkono wa mpinzani, huvuta, hupita. Akifungiwa njia ya kwanza, anayo ya pili. Mzito wa kuondoka. Hucheka baada ya kila mchezo, jambo linaloniudhi.

Haitham. Hatua ya kwanza. Hakuna mwingine mwenye hatua ile. Mpira ukitikisika yeye keshaondoka, mwenzake ndiyo kwanza anainua kichwa. Akikata kona huinama mpaka bega linakaribia nyasi, na mwendo haupungui. Mchambuzi mmoja aliuliza kijana huyu alijifunza wapi kuinama namna ile. Mimi najua. Alijifunza mtaa wa Ghala, kwenye gereji ya ndugu yangu Masoud, akifukuzana na wenziwe chini ya malori. Aliyesahau kuinama kule alipasuka kichwa.

Kasoro zake. Anayo njia moja tu: nje, daima nje. Akifungiwa huko, husimama kama mtu aliyefika wizarani akakuta dirisha limeshushwa. Mikono mifupi kidogo. Mkimbiaji mzito akimjia, hurudi nyuma.

Hayo ni kweli. Ni ya humu tu.

Ijumaa, 6 Februari

Chakula cha mchana kwa Masoud, kama kila Ijumaa baada ya sala. Pilau nzuri. Maneno mengi.

Masoud amejifanya bingwa wa mchezo huu kwa kuwa ana televisheni kubwa. "Huyu Lindgard nnamwona kama friji," alisema. "Friji kulisogeza mpaka uite watu wanne. Lakini Haitham wetu keshaingia ndani, friji bado linatafuta plagi!"

Wote wakacheka, hata binti yangu Zuwena. Nikaeleza kuwa friji ndilo linalohitajika pale mkimbiaji mzito anapokuja.

"Basi waandikie, Bwana Waziri," akasema Masoud. "Si wewe unoiandikia serikali?"

Bwana Waziri ndilo jina analonitania nalo tangu nifungue ofisi yangu Matrah. Silipendi, naye anajua kuwa silipendi.

Tena akatamka mbele ya wageni kwamba Haitham amelelewa gerejini. Si kweli. Amelelewa nyumbani kwangu, amelala kwenye chumba changu, amefundishwa herufi na mimi. Gerejini alivunjika goti. Alianguka kutoka kwenye lundo la matairi ya Masoud, akafungwa chuma hospitalini, na mimi ndiye niliyembeba mgongoni mpaka darasani muhula mzima. Chuma kilitolewa, goti likapona, mtoto akakimbia. Hayo Masoud hayasimulii.

Jumatatu, 9 Februari

Imekuja barua kwa njia ya kompyuta. Nimeisoma nikiwa nimesimama.

Imetoka kwa ofisa wa timu moja kubwa, mwenye kazi ya kuchunguza vijana kabla ya uteuzi. Timu hiyo itachagua mapema, na kila mchambuzi anasema inatafuta mlinzi wa pembeni. Haitham aliulizwa ni nani aliyemlea. Akaandika jina langu. Si la Masoud.

Maswali ni matatu. Alikuwa mtoto wa namna gani. Hukabili vipi dhiki. Na wewe uliyemlea unamwonaje akiwekwa kando ya wenzake wanaocheza nafasi yake. Jibu kwa maneno yako mwenyewe, wanasema.

Maneno yangu mwenyewe.

Nimefurahi. Umri wangu wote nimeziandikia ofisi kwa niaba ya watu. Hii ndiyo ofisi ya kwanza kuanza kuniandikia mimi.

Alhamisi, 12 Februari

Nimemaliza. Siku tatu sikupokea mteja.

Ombi lililojengwa vyema lina nguzo zake. Kwanza taadhima: anayeombwa hutukuzwa, ajue kuwa unaitambua daraja yake. Pili unyonge: mwombaji hujishusha, hutaja uyatima, maradhi na dhiki, ili moyo wa mwenye uwezo ulainike. Tatu insafu: mshindani husifiwa, kwani mwombaji anayemponda mwenziwe huonekana hasidi, na ombi la hasidi hutupwa. Mwisho ndipo hutajwa haja, kwa maneno machache, kama jambo dogo. Sikufundishwa na mtu. Nimeyaokota kwa kusoma maombi yaliyokubaliwa na yaliyokataliwa, nikayalinganisha, hadi nikaona tofauti.

Nimewaandikia Kiingereza safi. Kwa lugha yetu yangekuwa hivi: "Mimi mtumishi wenu dhaifu nasimama mlangoni pa timu yenu tukufu. Kijana huyu ni yatima. Goti lake la kushoto lilivunjika utotoni, na mpaka leo hulishika kukiwa na baridi, lakini hajapata kulalamika. Hatuthubutu kuomba atangulizwe mbele ya Bwana Lindgard, ambaye mikono yake ni mirefu zaidi na nguvu zake hazina shaka. Tunaomba tu asisahauliwe."

Hilo la baridi nimeliongeza. Alipokuja likizo miaka miwili iliyopita nilimwona akilisugua goti mbele ya kiyoyozi, mara moja, pengine kwa mazoea. Unyonge usio na dalili hausikiki.

Zuwena amelisoma. Yeye ameajiriwa kampuni ya bima. Alikunja uso tangu mstari wa kwanza.

"Baba, hawa si wizara. Wanataka kujua kama anafaa. Hawataki kumwonea huruma."

Nikamwambia kila mwenye kutoa hupenda kuombwa.

"Na hili la goti?"

"Ndiyo roho ya ombi."

Akanirudishia. Chuo kikuu kimemfundisha kukadiria ajali za magari. Maombi yangu yamewapa watu viwanja, matibabu na msamaha.

Nimelituma.

Alhamisi, 19 Februari

Ramadhani imeingia. Matrah kimya mchana. Jibu halijaja. Wakubwa hawajibu haraka. Ni dalili njema.

Jumapili, 1 Machi

Jana vijana wote walipimwa katika mji mmoja wa Marekani, mbele ya timu zote. Mikono hupimwa kwa futi, wanakimbia, wanaruka, wanasukuma. Haitham amekuwa na mbio kuliko walinzi wa pembeni wote. Mikono ikaonekana mifupi, kama nilivyojua. Lindgard alikimbia kama friji la Masoud, lakini alipowekwa kusukumana hakuna aliyemsogeza. Leo jioni orodha zikabadilika: Lindgard wa pili, Haitham wa nne.

Nilifuturu kwa furaha. Tende na kahawa vikawa vitamu kuliko kawaida.

Baada ya futari Rayya akapiga simu. Haitham amezuiliwa chumba cha madaktari. Daktari wa ile timu kubwa alimwendea moja kwa moja kwenye goti la kushoto. Alilikunja, akalikunjua, akalipiga picha, akauliza habari za baridi. Madaktari wa timu nyingine walipoona mwenzao anakawia, nao wakapanga foleni.

"Kaka, nani kawapa khabari ya goti? Mimi sikusema. Haitham hakusema. Kitu kilishapona zamani huko!"

Nikasema Wamarekani wanajua kila kitu.

Nimesema uongo mwezi wa Ramadhani. Nilikuwa nimekwisha kufuturu. Haipunguzi chochote.

Jumanne, 3 Machi

Haitham amepiga. Salamu kwanza, kwa adabu, kama nilivyomfundisha. Kiswahili chake kimeanza kuteleza, lakini maneno yote nimeyaelewa.

Ile timu ilimwita kwenye usaili. Watu sita mezani. Mmoja akasoma ombi langu kwa sauti, kuanzia "mtumishi wenu dhaifu". Alipofika penye Lindgard akainua macho. Akamwambia: mjomba wako mwenyewe anasema yule ni bora kuliko wewe. Unasemaje?

"Nikacheka, mjomba. Nikacheka tu."

Halafu akaniuliza kuhusu goti. Halimuumi. Halijamuuma tangu darasa la sita. Baridi imetoka wapi?

Nikamweleza nguzo za ombi. Taadhima, unyonge, insafu, haja. Nikamweleza kwamba ndivyo linavyojengwa, kwamba maneno yale hayakukusudiwa kusomwa kama ripoti ya daktari. Alinisikiliza mpaka mwisho. Mtoto huyu hajapata kunikatiza.

"Lakini mimi sikuwa naomba, mjomba," akasema. "Nilikuwa nachaguliwa."

Nikamwambia nitawaandikia tena.

"Sawa, mjomba. Ramadhani karim."

Nimebaki na simu mkononi. Nina hasira na yule mtu aliyesoma. Ombi ni la mwenye kuombwa. Halisomwi mbele ya anayeombewa. Hata karani wa daraja ya chini kabisa kule Maskati anajua jambo hilo.

Jumatatu, 9 Machi

Nimewaandikia ile timu kulalamika. Nimefafanua kuwa habari ya baridi ni tamko la kimapokeo, si la kitabibu. Kwamba sifa za Bwana Lindgard zilitolewa kwa adabu na si kwa hukumu. Kwamba hukumu yangu halisi ni nyingine, na nipo tayari kuitoa. Kurasa mbili. Nimezipitia mara tatu.

Jibu limekuja baada ya saa moja. "Asante kwa muda wako." Hakuna taadhima, hakuna hata jina langu.

Rayya sasa anajua. Haitham hakumwambia, ameambiwa na Zuwena. Hajanipigia. Mwanangu mwenyewe amenishitaki kwa shangazi yake. Nilimuuliza kwa nini. Akasema shangazi alikuwa anawatuhumu makocha wa chuo, na mtu mmoja alikuwa karibu kufukuzwa kazi kwa jambo ambalo hakulifanya.

Sikuweza kubisha. Nimechukia kwamba sikuweza kubisha.

Ijumaa, 20 Machi

Idi.

Nyumba ya Masoud ilijaa. Nyama ya shuwa iliyofukiwa shimoni, mikate ya kumimina, watoto na kanzu mpya. Nilikaa pembeni. Walinipisha nafasi yangu ya kawaida, lakini kwa adabu ya kumpisha mgonjwa.

Haitham akapiga simu ya picha. Simu ikazunguka mkono kwa mkono. Alicheka na kila mtu, akamwonyesha mke wa Masoud theluji dirishani, akamuuliza Masoud kama lori la bluu bado linawaka. Ilipofika kwa Zuwena, aliyekaa kando yangu, nikanyoosha kilemba changu. Zuwena akaitazama simu, akasema mtandao umekatika. Haukukatika. Nilimsikia Haitham akisema "baadaye".

Kisha Masoud akafungua mdomo.

"Bwana Waziri, wewe kiboko! Umemwombea mtoto mpaka wamemwonea huruma kweli!"

Hakucheka mtu. Hata yeye alicheka nusu. "Nnatania, kaka," akasema.

Nikamjibu mbele ya wote. Nikamwambia kama gereji yake isingekuwa jaa la matairi, nisingekuwa na goti la kuandika. Nikamwambia mtoto alivunjika huku yeye akinywa chai na wateja, na kwamba kwa miaka yote hii nimelificha jambo hilo kwa heshima ya baba yetu.

Masoud akabadilika rangi. Mkewe akaanza kukusanya sahani ambazo bado zilikuwa na chakula.

Zuwena alinirudisha nyumbani kwa gari. Ni Idi, na nimeiharibu. Masoud hakumwambia mtoto apande matairi. Masoud ndiye aliyeendesha gari hadi hospitali siku ile, huku mimi nimekaa nyuma nikilia. Nalo hilo sikulitaja.

Jumapili, 12 Aprili

Orodha ya mwisho kabla ya uteuzi. Lindgard wa kwanza kati ya walinzi wa pembeni. Haitham wa kumi na moja. Kando ya jina lake pameongezwa neno moja: mashaka. Madaktari hawakuona kasoro yoyote katika picha. Lakini timu zimesikia kuwa goti linauma penye baridi, na nyingi kati yazo zinatoka penye baridi. Goti lenyewe halina neno. Khabari ya goti ndiyo iliyomshusha.

Nimejaribu kuwaweka wote wawili tena katika mizani. Hatua ya kwanza: Haitham. Kukata kona: Haitham. Mbio: Haitham. Mikono: Lindgard. Mkimbiaji mzito: Lindgard. Njia ya pili: Lindgard. Kwa hesabu ya haki, tofauti kati yao haikustahili kuwa kubwa hivi. Nafasi nyingine zote nimeziweka mimi katikati yao. Kwa Kiingereza safi.

Wateja wawili wiki nzima.

Ijumaa, 24 Aprili

Raundi ya kwanza ilikuwa alfajiri kwa saa zetu. Sikutazama. Nilisali, nikalala tena, nikaamka jua limekwisha panda, nikafungua habari.

Ile timu imemchukua Lindgard. Picha yake amevaa kofia yao, amemkumbatia mama yake, anacheka. Naona alicheka utoto wake wote. Ofisa yule yule, aliyeniandikia mimi, amenukuliwa akisema hakuna mtu mwenye shaka na nguvu za kijana huyu.

Nguvu zake hazina shaka. Maneno yangu.

Haitham hakutajwa.

Sikwenda kwa Masoud kula. Ni Ijumaa ya tano mfululizo.

Jumapili, 26 Aprili

Haitham ametajwa jana usiku, raundi ya mwisho kabisa, karibu na tamati. Timu ya mji wa kaskazini, kando ya ziwa linaloganda. Nimesoma kuhusu baridi ya huko. Sikumaliza kusoma.

Nilipata habari kama walivyopata watu wote, kwenye kundi la simu la ukoo. Rayya aliandika mstari mmoja. Watu wakajibu kwa dua na maua. Zuwena anasema huko Ghala leo asubuhi Masoud aliwaamuru madereva wote wapige honi za malori kwa pamoja, mpaka majirani wakatoka karakana zao kuuliza nani kaoa.

Nilitunga pongezi. Aya tatu. Ya kwanza ilihusu marehemu baba yake, ya pili uvumilivu, ya tatu mimi. Nikaifuta ya tatu. Nikaifuta ya pili. Nilipobaki na ya kwanza nikaona haimhusu. Nikatuma: "Mabruk, mwanangu."

Akaniwekea alama ya kidole gumba.

Atakwenda mazoezini na wenziwe wengi, na wengi wao watarudishwa. Si haki. Mtu mwenye hatua kama ile hakupasa kusimama mlangoni.

Jumanne, 12 Mei

Mjane wa mita ya umeme alipita asubuhi. Ameshakubaliwa. Jina lake limeandikwa. Aliniletea halwa ndani ya kibakuli, akasema karani alimwambia hajapata kusoma maneno mazuri kama yale. Nilimshukuru. Ombi lilikuwa na nguzo zote, na hapa lilisikika.

Karibu na adhuhuri akaingia Masoud. Hajapata kufika ofisini kwangu tangu Idi, na kabla ya Idi hakuwa akifika ila kutania. Alivua viatu ijapokuwa sina zulia. Akakaa kiti cha wateja.

"Tazama hii," akasema, akanipa simu yake.

Mazoezi ya timu ya Haitham. Mtu amerekodi kutoka mbali. Mvua nyepesi. Haitham mbele ya jitu moja la kutisha. Mpira ukatikisika. Hatua ya kwanza ile ile. Jitu bado linainuka. Akaenda nje, kama kawaida yake, akafungiwa. Nikangoja asimame.

Hakusimama. Akapiga kifundo cha mkono cha lile jitu, akavuta, akapita ndani.

Njia ya pili. Sijui nani amemfundisha. Si mimi, wala si Masoud.

Tuliirudia mpaka chai ikapoa. Nilitazama goti la kushoto kila mara. Linakunjika, linakunjuka, linabeba mwili. Mvua inanyesha, watu wa kando wamevaa makoti, naye hakulishika.

"Kwa haki ya Mungu," akauliza Masoud, "Lindgard angeliweza hivi?"

Nikasema viganja anaviweza. Hatua ile haiwezi. Mkimbiaji mzito akija, bado ningemweka Lindgard. Mrushaji akisimama kutafuta pa kurusha, ningemweka Haitham, wala nisingefikiri mara mbili. Goti ni zima.

Masoud akatikisa kichwa taratibu. "Hayo ndo ungewaandikia."

Hakuwa anatania. Nilimkatia halwa ya mjane. Akala, akasema tamu, akanambia Ijumaa watapika samaki. Kisha akaenda zake Ghala.

Nimefunga ofisi mapema. Nayaandika haya jinsi nilivyoyaona, bila taadhima na bila unyonge.

Haitham, mlinzi wa pembeni. Mwepesi kuliko wote. Mikono mifupi kidogo. Njia mbili. Halalamiki kwa kuwa goti halimuumi.

Safari hii hakuna aliyeuliza.